Matairi ya mbele yamelika kingo zote mbili ilhali kipimo husoma 32 kila wiki: tatizo ni upepo, alaimenti au kutozungusha?

MamaNeema_Kibamba (#1)
Wadau, salaam. Ninaendesha kigari kidogo cha Kijapani kinachovutwa na magurudumu ya mbele. Safari zangu za kila siku ni Kibamba hadi Kariakoo na kurudi, isipokuwa mara mbili kwa mwaka ninapokwenda Njombe kuwaona wazazi. Mwezi Machi mwaka jana nilifunga matairi manne mapya. Juzi nilipoinama kuokota funguo, niliona kwamba matairi ya mbele yamebaki na kashata (ile michongo ya mpira inayoshika barabara) katikati tu, na kingo za nje na za ndani zimelainika kama mdomo wa kinu cha zamani. Ya nyuma bado yana kashata nzuri kabisa.

Kinachonitatiza ni kwamba sijawahi kuacha wiki ipite bila kupima upepo. Kila Jumamosi, nikitoka sokoni, hupitia kituo cha mafuta na kijana wa pale hujaza hadi 32, yaani pauni 32 kwa inchi ya mraba. Fundi wa kwanza aliniambia ni upepo mdogo. Wa pili akasema ni alaimenti, yaani magurudumu hayakunyooka sawasawa. Wa tatu hakuyatazama hata matairi yenyewe, alisema tu kwamba kosa langu ni kutoyazungusha, yaani kutoyabadilishia nafasi. Wote watatu walizungumza kwa uhakika wa kadhi, na wote watatu walitaka kuanza kazi pale pale. Nimsikilize nani?

Msafiri wa Usiku (#2)
Msikilize wa pili. Matairi ya mbele yakilika, ni alaimenti.

Geji ya Babu (#3)
Mimi ninamtetea fundi wa kwanza. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea katikati, uzito wa gari ukahamia kwenye kingo mbili, na kingo hizo ndizo zinazosagwa na lami. Likijazwa kupita kiasi, huvimba katikati na kulika hapo. Alaimenti mbovu kwa kawaida hula ukingo mmoja, wa ndani au wa nje, wala si yote miwili kwa pamoja kama ulivyoeleza.

Swali langu ni moja, Dada: unapopima, gari linakuwa limetoka wapi? Kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari ni cha tairi lililopoa, maana yake gari limesimama angalau saa tatu, au limetembea kilomita moja au mbili tu kwa mwendo wa pole. Tairi lililotembea kwa muda linaweza kuongeza pauni nne hadi sita. Ikiwa 32 yako ni ya tairi la moto, basi asubuhi nyumbani unaendesha 27 au 28 na hujui.

MamaNeema_Kibamba (#4)
Ahsante. Soko langu ni Mbezi, umbali wa kama kilomita saba, na Jumamosi barabara hujaa. Sina kipimo changu mwenyewe. Nitanunua kimoja kesho, nipime alfajiri kabla ya kuwasha gari.

Nati Tano (#5)
Ndugu wa #3 ameeleza vizuri jinsi tairi linavyolika, lakini hesabu yake ya joto haiingii hapa. Kilomita saba kwenye foleni, gari likitambaa, haziwezi kuongeza pauni tano. Joto la tairi hutokana na ubavu wake kukunjika na kunyooka katika kila mzunguko, na mwendo mdogo wa namna hiyo unaweza kuleta pauni moja au mbili tu. Mimi ninakishuku kipimo cha kituo. Vifaa vile huburutwa sakafuni, hukanyagwa na magari, huangushwa mara kumi kwa siku, na hakuna anayevihakiki. Niliwahi kupima tairi lile lile kwenye vituo viwili vinavyotazamana barabarani. Kimoja kilisoma 30, kingine 35.

Mwanakombo wa Nyali (#6)
Hamjambo kutoka Mombasa. Kabla hatujamhukumu kijana wa kituo, tuulize kwanza hiyo 32 imetoka wapi. Hapa kwetu kila mtu hutaja 32 au 35 kana kwamba ni kibla. Kiasi sahihi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari yaliyokuja kutoka Japani maandishi yake huwa ya Kijapani, ndiyo maana wengi wetu huyapita macho. Usihofu, tarakimu ni zile zile. Tafuta namba ya mamia, kama 220 au 250, hiyo ni kilopaskali. 220 ni karibu pauni 32, na 250 ni kama pauni 36. Magari ya zamani kidogo huandika pia 2.2 au 2.5 kwa kilo za sentimita ya mraba, na hapo 2.2 inakaribia pauni 31. Mara nyingi kuna kiasi cha mbele na cha nyuma, na wakati mwingine kiasi cha gari lililojaa mizigo.

Namba usiyopaswa kuifuata ni ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi lenyewe, 44 au 51. Hiyo ni kikomo cha tairi, si kiasi cha gari lako. Jirani yangu aliifuata kwa mwezi mzima, na kigari chake kikawa kinaruka kwenye kila tuta kama mwana-mbuzi aliyefunguliwa asubuhi.

Bwana Kashata (#7)
Ninyi mnahangaika na namba za Kijapani. Mimi nina miaka kumi na minane barabarani na sijapasukiwa na tairi hata mara moja. Siri yangu ni kwamba kabla ya safari ya Dodoma hupunguza upepo hadi 26. Jua linapopasha lami, upepo hutanuka, na tairi lililojaa halina pa kwenda ila kupasuka.

Utingo Mstaafu (#8)
Bwana Kashata, nakuomba uache jambo hilo kabla halijakuumiza. Nilikuwa utingo wa malori ya Tunduma kwa miaka tisa, na matairi mengi niliyoyaona yakichanika vipande vipande kando ya barabara yalikuwa na upepo mdogo. Ni kweli kwamba hewa hutanuka, lakini ongezeko lake ni dogo: halijoto ikipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo huongezeka pauni moja na nusu au mbili hivi, na tairi zima limetengenezwa kuhimili zaidi ya hapo. Kinachoua tairi ni ubavu kukunjwa mno. Pinda waya mara hamsini, kisha ushike mahali ulipopindia, utajua nisemacho. Tairi la pauni 26 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hukunjwa mara mia kadhaa kwa dakika, na joto lake halitoki nje kwa haraka kama linavyozaliwa, mpaka matabaka ya ndani yaachane.

Kwenye lori hali ni mbaya zaidi, kwa sababu magurudumu ya nyuma yamepangwa mawili mawili. La ndani likipoteza upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili, na dereva hajui lolote kwa sababu gari halilali upande. Ndiyo maana tulikuwa tukiyagonga kwa rungu kila tuliposimama. Tairi lililojaa hujibu kwa mlio mkavu na rungu hurudi mkononi. Lililokwisha hujibu kwa sauti ya gunia. Nakiri, hata hivyo, kwamba rungu hutofautisha tairi lililokufa na lililo hai tu. Tairi la 70 na la 90 hulia sawa.

Mpenda Kumbukumbu (#9)
Haya aliyosema mzee wa #8 yaliwahi kuitikisa Marekani. Mwezi Agosti 2000, Firestone iliyaita sokoni matairi milioni 6.5, ambayo mengi yalikuwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka yakiwa mwendoni na magari kupinduka. Ford ilikuwa imependekeza pauni 26 na Firestone ilitaka 30, na kila upande ukamnyooshea mwenzake kidole. Ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya joto. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka huo huo, na kutokana nayo magari madogo mapya nchini humo yakalazimika kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo ukipungua kwa robo. Ile taa ya manjano yenye alama ya mshangao kwenye dashibodi, ambayo wengi wetu huiziba kwa kipande cha selotepu, asili yake ni huko.

Bwana Kashata (#10)
Mpenda Kumbukumbu, kwa maelezo yako mwenyewe, hata Wamarekani walibishana kama kosa ni la upepo, la kiwanda au la umbo la gari. Basi msinisulubishe mimi peke yangu. Kwa heshima ya mzee wa #8 nitapandisha hadi 30, lakini 32 mtanisamehe.

MamaNeema_Kibamba (#11)
Nimerudi na majibu. Jumamosi kituo kilinijazia 32 pande zote. Jumapili saa 12 asubuhi nilipima kwa kipimo changu kipya, gari likiwa limelala kivulini usiku kucha. Mbele kushoto 27, mbele kulia 29, nyuma zote mbili 31. Kibandiko kinasema 220 mbele na nyuma, kwa hiyo Dada wa Mombasa, 32 haikuwa kibla ya uongo.

Jambo la pili limenishangaza. Kibandiko hicho kinataja ukubwa wa 175/65R14, lakini matairi yangu yameandikwa 185/65R14. Aliyeniuzia hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Geji ya Babu (#12)
Mbele 27! Sina la kuongeza.

Nati Tano (#13)
Una la kuongeza, ndugu yangu, nami pia ninalo, maana namba hizi zinatuumbua sote wawili. Kama kipimo cha kituo kingekuwa kibovu kama nilivyodhani, matairi ya nyuma nayo yangesoma 27. Kama ni joto la safari peke yake, kushoto na kulia kusingetofautiana kwa pauni mbili. Inawezekana tairi la mbele kushoto linavuja taratibu. Tairi zima lenyewe linaweza kupoteza hadi pauni moja kwa mwezi kwa hewa kupenya kwenye mpira, lakini haliwezi kupoteza tano kwa usiku mmoja. Dada, toa kofia ya valvu, paka povu la sabuni au mate kama wafanyavyo mafundi wa pembeni mwa barabara, kisha utazame kwa dakika nzima. Pitisha povu hilo hilo pale mpira unapokutana na rimu, kwa sababu rimu yenye kutu hupitisha hewa bila kelele.

Halafu nina swali la aibu kidogo: una uhakika kijana huyo huyapima yote manne, au wewe humpungia mkono na kuondoka akiwa bado anayamaliza ya nyuma?

MamaNeema_Kibamba (#14)
Nakiri kwamba huwa ndani ya gari nikijibu simu.

Mtoro wa Tochi (#15)
Tuuache upepo kidogo tutazame ukubwa. 185/65R14 lina kipenyo cha karibu milimita 596, na 175/65R14 lina 583. Tofauti ni zaidi kidogo ya asilimia mbili, kwa hiyo kwa kila mzunguko gari lako husonga mbele zaidi ya vile mshale wa spidi unavyodhani. Ukiona 50 pale kijijini, waweza kuwa unakwenda 51, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo hatakubali hadithi ya kibandiko cha Kijapani.

Kwa upande wa uzito hujapata hasara. Tairi la kwenye kibandiko kwa kawaida hubeba alama 82, yaani kilo 475, na hilo lako huenda lina 86, yaani kilo 530. Ni kubwa kuliko linalotakiwa, kwa hiyo sielewi ni vipi litalika haraka kwa sababu ya ukubwa. Wapo watakaosema rimu ikiwa nyembamba kwa tairi, umbo la kashata hubadilika, lakini kwa tofauti ya milimita 10 sijashawishika.

Pembe Tatu (#16)
Nimesoma yote, na ninaona kwamba mnasahau kazi inayofanywa na ekseli ya mbele. Kwenye gari la aina hii, matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki, tena injini na giaboksi vimelala juu yake. Mtu anayezunguka mizunguko ya Dar es Salaam kila siku, anayegeuza gari akiwa amesimama kwenye maegesho finyu ya Kariakoo, husaga kingo za nje na za ndani hata akiwa na upepo sahihi kabisa. Kwa maoni yangu hakuna ugonjwa wowote hapa. Ni matumizi, na dawa ya matumizi ni kubadilishana nafasi za matairi mapema.

Hata hivyo alaimenti isiondolewe kwenye orodha. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza, kama kumpapasa paka kinyume cha manyoya, basi magurudumu yanatazamana au yanakimbiana, na tairi linaburuzwa ubavu kila mita. Ukikuta mabonde mabonde, hayo ni ya shokapu au balansi.

Mzee wa Njiro (#17)
Wajukuu, habari zenu. Nimeona neno kuzungusha likitajwa mara nyingi bila maelezo. Enzi matairi ya General Tyre yakitengenezwa hapa Arusha, tulifundishwa kwamba tairi la redio (radial, lenye nyuzi za chuma ndani) halivukishwi upande. La mbele kushoto huenda nyuma kushoto, la nyuma kushoto huja mbele, basi. Ukilivusha likazunguka kinyume, nyuzi za chuma za ndani huchoka.

Nati Tano (#18)
Shikamoo, Mzee. Ulivyofundishwa ndivyo ilivyokuwa kwa wakati ule, na wakati huo watengenezaji wengi walisema hivyo, lakini matairi ya redio ya sasa hayana tena sharti hilo. Kwa gari linalovutwa mbele, ya mbele hurudi nyuma moja kwa moja, na ya nyuma huja mbele kwa kupishana, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, au linalotumia yote manne, ni kinyume chake: ya nyuma huja mbele moja kwa moja, na ya mbele ndiyo yanayopishana kwenda nyuma. Sharti lako, Mzee, limebaki kwa matairi yenye mshale ubavuni, ambayo mifereji yake imechongwa izunguke upande mmoja tu. Hayo hubadilishana mbele na nyuma bila kuvuka. Kipindi kinachotajwa na wengi ni kilomita 8,000 hadi 10,000.

Mzee wa Njiro (#19)
Marahaba. Nimejifunza, ingawa matairi yangu yataendelea kukaa upande wake kwa sababu yameshazoea.

Mvua ya Kitonga (#20)
Ninaona hatari moja ambayo haijatajwa. Sasa hivi ya mbele ni vipara kwenye kingo na ya nyuma ni mazima. Mkiyazungusha leo, mabovu yatahamia nyuma, na MamaNeema ana safari ya Njombe. Gari likiteleza mbele kwenye maji, dereva hupunguza mwendo na usukani hurudi. Likiteleza nyuma, mkia hukimbia pembeni, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Michelin wenyewe hushauri kwamba mtu akinunua mawili mapya, yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa mbele. Fikirieni kuteremka mlima Kitonga kwenye mvua, lori mbele yenu, lori nyuma yenu, na matairi yenye kingo laini ndiyo yaliyoshika mkia.

Pembe Tatu (#21)
Hoja ya #20 ni nzito, na inaonyesha kwamba kuzungusha ni kazi ya kilomita 8,000, wakati tofauti bado ni nusu milimita. Tofauti ikishakuwa kubwa, hilo si tena suala la matunzo. Lakini nawe utakubali kwamba ushauri wa mapya nyuma na ushauri wa kuzungusha vinagongana: ukiweka mapya nyuma kila mara bila kuzungusha kamwe, yatazeeka kwa miaka huku ya mbele yakinunuliwa kila msimu.

Mvua ya Kitonga (#22)
Vinagongana kwa yule aliyechelewa tu.

Forester ya Moshi (#23)
Mimi nilichelewa, na gharama yake naikumbuka. Gari langu huvuta kwa magurudumu yote manne kila wakati. Nilinunua matairi mawili mapya ili kubana matumizi, nikayaacha mawili yaliyolika. Kipenyo kilipotofautiana, ekseli moja ikawa inataka kuzunguka haraka kuliko nyingine safari nzima, na kiunganishi cha katikati kikawa ndicho msuluhishi asiyelala. Baada ya miezi michache gari lilianza kushtuka nilipokata kona kali, kana kwamba mtu anavuta breki ya mkono. Nilichookoa kwenye matairi nililipa mara nne kwa fundi. Wenye magari ya aina hii, kuzungusha kwenu si hiari.

Kofia ya Kijani (#24)
Kwa nini hakuna aliyetaja naitrojeni? Mimi hujaza naitrojeni tupu, na tangu hapo sipimi upepo.

Geji ya Babu (#25)
Kwa sababu hewa ya bure tunayoivuta hapa tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni, ndugu yangu. Jarida la Consumer Reports la Marekani liliwahi kuyaacha matairi mwaka mzima yakiwa na pauni 30: yenye hewa ya kawaida yalipoteza wastani wa 3.5, na yenye naitrojeni 2.2. Faida ipo, lakini ni ya pauni moja na kidogo kwa mwaka. Ubaya wake ni huo ulioutaja mwenyewe, kwamba sasa hupimi.

Mswahili wa Maskati (#26)
Salaam kutoka Omani. Huku joto la mchana wa kiangazi hupita nyuzi 45, na kwa uzoefu wangu tairi lililo upande wa jua husoma pauni mbili zaidi ya lililo upande wa kivuli, gari likiwa halijasogea. Ndiyo maana mimi hupima baada ya swala ya alfajiri, na ndiyo maana ninamuuliza Dada: je, upande wa kulia wa gari ulitazama mashariki? Tukienda kwenye mchanga wa Sharqiya tunashusha hadi 15 ili tairi litandazike, lakini tukirudi kwenye lami tunajaza kabla ya kuongeza mwendo. Bwana Kashata asije akaichukua hiyo 15 kuwa ushahidi.

Tena tazama tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililouzwa kama jipya linaweza kuwa limekaa ghalani miaka, na mpira mkavu hulika vibaya hata ukiuhudumia.

Bwana Kashata (#27)
Nilikuwa nimeshaichukua.

MamaNeema_Kibamba (#28)
Saa 12 asubuhi gari lilikuwa kivulini, kwa hiyo jua halikuhusika. Tarakimu nimezisoma: matairi yalikuwa na umri wa miezi mitano tu nilipoyanunua. Sasa nina swali jipya. Njombe ni juu sana na kuna baridi kali. Nikijaza 32 Dar es Salaam, nitaongeza nikifika?

Pembe Tatu (#29)
Swali zuri, kwa sababu huko sababu mbili zinavutana. Baridi hupunguza upepo: kutoka nyuzi 32 za Dar es Salaam hadi nyuzi 10 za alfajiri ya Njombe, utapoteza zaidi kidogo ya pauni tatu. Lakini kipimo hakisomi upepo wa ndani peke yake, kinasoma tofauti kati ya ndani na nje, na kwenye mita karibu 2,000 hewa ya nje ni nyepesi kwa takriban pauni tatu ikilinganishwa na ya pwani. Kwa hiyo alfajiri ya huko kipimo chako kitasoma karibu 32 ile ile. Kikisoma 28, usiulaumu mlima, tafuta pancha.

Utingo Mstaafu (#30)
Miaka tisa nilipita Makambako nikiamini kwamba baridi haifiki ndani ya tairi. Kumbe kulikuwa na hesabu.

MamaNeema_Kibamba (#31)
Wadau, taarifa ya Jumamosi. Valvu ya mbele kushoto ilitoa povu dogo kama jicho la dagaa, nayo imebadilishwa. Ya kulia haikutoa chochote, lakini tairi lake limelika sawasawa na la kushoto. Mashine ya alaimenti imetoa karatasi inayoonyesha magurudumu ya mbele yakikimbiana kidogo kupita kikomo, na kiganja changu hakikuhisi ukwaruzo wowote. Kila fundi kati ya wale watatu nimempigia simu, na kila mmoja amesema, "Si nilikuambia?"

Nimenunua mawili mapya ya 185 yafanane na yaliyobaki. Mazima yaliyokuwa nyuma yamekuja mbele, na mapya yamefungwa nyuma. Kijana wa gereji alicheka, akaniuliza kama nimesahau injini iko wapi.

Nati Tano (#32)
Mapya yakianza kulika kingo kule nyuma, Geji ya Babu atakuwa ameshinda. Ya mbele yakilika peke yake, Pembe Tatu. Mwandike kilomita za leo.

Geji ya Babu (#33)
Na vikilika vyote?

Msafiri wa Usiku (#34)
Alaimenti. Nilisema #2.

Utingo Mstaafu (#35)
Dada, ile mashine ya kufungia nati huwadanganya wengi: nyingine huzikaza mno, nyingine huziacha. Baada ya kilomita 80 hadi 100 zipitie tena kwa spana ya mkono, kwa kupishana, usizifuate kwa mduara. Na tairi la akiba umelipima?

MamaNeema_Kibamba (#36)
Nimetembea kilomita 62 tangu juzi. La akiba nimelipima sasa hivi kwa sababu ya swali lako, Mzee. Linasoma 11.